Matundu Matatu ya Mkanda

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile walimwita Mwalimu kwa utani tu. Hawakujua kitu. Mtu akiwa na mwandiko mzuri, halafu akawa na tabia ya kusema "hebu rudia, taratibu," wenzake hawakawii kumbandika jina, na jina likishaganda limeganda. Kila walipomwita hivyo alihisi masikio yakipata moto, akainamia rundo la mashuka kana kwamba kuna doa analitafuta. Kwa sababu kweli aliwahi kuwa mwalimu, miaka kumi na minne mizima, na kilichomtoa darasani ni kesi.

Tuliseme mapema tulimalize. Alikuwa mmoja wa walimu wawili waliokabidhiwa bahasha za mtihani wa kumaliza shule. Mwaka uliotangulia shule yake ilishika mkia, na kwenye kikao cha wilaya walimu wenzake walimcheka mpaka akashindwa kunywa chai. Basi mwaka ule akaifungua bahasha kwa mvuke wa birika, akanakili maswali sita ya hesabu, akayakokotoa mezani kwake, na asubuhi akawapa watoto wake "mazoezi ya mwisho". Watoto walikuwa thelathini na mmoja. Swali la nne lilihusu tangi la maji linalojazwa na mabomba mawili. Jibu lilikuwa dakika arobaini. Yeye, kwa haraka na kwa hofu, alipata hamsini na nne, na watoto wote thelathini na mmoja wakaandika hamsini na nne. Wasahihishaji hawakuhitaji mpelelezi.

Matokeo ya darasa zima yalifutwa. Na hilo, ukimwuliza yeye, si ndilo baya kuliko yote. Baya ni kwamba kwa siku tisa za uchunguzi alimwacha karani wa shule ahojiwe badala yake, mama wa watu mwenye presha, kwa kuwa karani ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati. Aliitwa asubuhi, akaitwa mchana, akaitwa jioni, akatoka akijipepea na faili. Mwalimu alikuwa akimpisha mlangoni na kumwambia "pole, mama". Siku ya kumi alikamatwa. Hakujitokeza, alikamatwa, na tofauti ya maneno hayo mawili anaijua yeye mwenyewe.

Alikaa ndani miaka miwili. Alipotoka, mdogo wake, mpishi wa jikoni pale hospitalini, alimtafutia kazi ya kufua. Kwa msimamizi alisema dada yake alikuwa kijijini akimuuguza mama yao. Mama yao alikuwa amefariki zamani, Mungu amrehemu, na hakuuguzwa na mtu.

Kazi ya kufua mashuka ya hospitali si ya kujionea huruma. Mabegi yanashuka kutoka wodini yakiwa mazito kama watu. Unavaa glavu, unafungua, unachambua: ya damu huku, ya mkojo huku, ya wagonjwa wa kuambukiza kwenye pipa lake jekundu. Mwaka wa kwanza alifanya kazi bila kusema neno, akajikaza kisabuni, na hakuna aliyemsumbua. Alipenda kelele za mashine kwa sababu zilimzuia asijisikie akifikiri.

Ndani ya mashuka hukutwa vitu. Watu wasiofanya kazi hiyo hawajui. Utakuta meno ya bandia, miwani, kiatu cha mtoto kimoja, simu iliyozimika, picha iliyokunjwa mara nne. Mgonjwa anahamishwa, au anaruhusiwa, au anafariki, shuka linavutwa kwa pembe zake nne, na kila kilichokuwa juu yake kinakwenda nalo. Kwa hiyo kulikuwa na kitabu kikubwa cha jalada gumu cha kuandikia vilivyookotwa, kulikuwa na dirisha dogo ambapo wenyewe walikuja kuulizia, na nje ya dirisha kulikuwa na ubao wa kubandika karatasi za matangazo. Mzee aliyekuwa akishika kitabu alipostaafu, msimamizi alimkabidhi Mwalimu kazi ile, maana wengine waliandika kama kuku aliyekanyaga majivu.

Mzee alimpa sheria moja tu kabla ya kuondoka. "Kitabuni andika yote. Ubaoni andika nusu."

Maana yake ilikuwa rahisi. Kitabuni unaeleza kitu mpaka ufa wake wa mwisho. Ubaoni unaandika tu "miwani ya kusomea, mwenyewe aje". Mtu akija dirishani anaulizwa, naye anaeleza mwenyewe yale ambayo hayako ubaoni. Akipatia, kitu ni chake. Asipopatia, anarudi alikotoka.

Hapo ndipo mkono wake ulipofufuka. Mwanzoni aliandika kikavu, kama ripoti. Kisha siku moja akaandika kuhusu meno ya bandia kwamba jino la mbele limelika upande mmoja, "mwenyewe huenda alikuwa fundi cherehani anayekatia uzi kwa meno", na bibi aliyekuja kuyachukua alikuwa fundi cherehani kweli. Wafuaji walicheka siku nzima. Tangu hapo wakawa wanasomeana maandishi yake wakati wa chai. Aliyewasomea mara nyingi alikuwa Kidevu, fundi wa mashine kubwa, mtu wa watu aliyeitwa hivyo kwa sababu kidevu chake kilifika mahali kabla yake. Kidevu alisoma kwa kuunga herufi, kidole kikitembea chini ya mstari, na akikwama alisema, "Mwalimu, hili neno lako limenishinda, lisome mwenyewe."

Nani angemlaumu kwa kuipenda kazi ile? Aliamka asubuhi akitamani kujua leo begi litatoa nini. Kwa miaka mitano alikuwa amejiona mtu wa kufichwa. Sasa kwa nusu saa kila siku, kalamu mkononi, alijisahau. Na hapo kwenye kujisahau ndipo palipomponza.

Jumatatu moja, kwenye begi la wodi ya wanawake, alikuta saa ya mkononi. Aliifuta kwa pamba, akaisogeza kwenye mwanga, akaandika kitabuni hivi:

"Saa ndogo ya kike, ya mviringo, uso wake umepiga manjano. Kioo kina mkwaruzo karibu na tisa. Mkanda ni wa ngozi, rangi ya kahawia, una matundu saba. Manne yalitoka nayo dukani. Matatu yametobolewa kwa msumari, moja baada ya jingine, na la mwisho bado ni jeupe pembeni. Aliyeivaa alikuwa akikonda, na kuna mtu aliyeupunguza mkanda kila alipopungua yeye."

Alisoma alichoandika, akasoma tena. Alikuwa hajapata kuandika kitu kizuri kama kile maishani mwake, na hilo hakuambiwa na mtu, alijua mwenyewe. Kesho yake akachukua karatasi ya kubandika ubaoni. Alitakiwa aandike: "Saa ya kike, mkanda wa ngozi." Maneno sita. Aliyaandika, akayatazama, yakamkera. Wauguzi walikuwa wakipita pale na kusimama kusoma karatasi zake. Daktari mmoja alishawahi kuuliza nani anaandika. Akachukua karatasi nyingine na kunakili yote, kuanzia uso wa manjano hadi mtu aliyeupunguza mkanda. Alijua sheria, asije akasingizia kusahau. Aliiona sheria mbele yake kama unavyoiona kona ya meza, na bado akajigonga.

Jumatano, yeye akiwa kwenye meza ya kukunjia, mtu mmoja mpole wa makamo alikuja dirishani. Kidevu ndiye aliyekuwa zamu. Yule mtu alieleza kila kitu bila kukwama, Kidevu akalinganisha na kitabu kwa kidole, neno kwa neno, akamkabidhi.

Alhamisi alikuja mwenye saa.

Alikuwa mzee fundi viatu. Ungejua kazi yake kabla hajasema, kwa rangi nyeusi iliyokuwa imeingia kwenye mistari ya vidole vyake na kukaa. Alisimama dirishani akiwa ameshika kofia.

"Nimefuata saa ya mke wangu," alisema. "Alifariki Jumatatu alfajiri. Tumezika jana. Niliambiwa vitu huletwa huku."

"Pole sana, mzee," Kidevu akasema. "Saa ya namna gani?"

"Ya mkanda wa ngozi. Ina matundu matatu niliyoyatoboa mimi."

Kidevu akafungua kitabu, akakifunga. "Mzee, hiyo saa imeshachukuliwa. Jana. Mwenyewe alikuja akaeleza yote. Uso wa manjano, mkwaruzo, matundu matatu ya msumari."

"Ya nini?"

"Ya msumari."

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo wake. "Mimi nina miaka arobaini kwenye ngozi, kijana wangu. Sijawahi kutia msumari kwenye mkanda. Msumari unachana. Nilitumia msharasi wangu wa kushonea viatu. Huyo mtu wako hajaiona saa ile hata siku moja kabla ya wewe kumpa."

Kwenye meza ya kukunjia, Mwalimu alikuwa ameshika ncha mbili za shuka na mwenzake ameshika ncha mbili nyingine. Zile zake zilimponyoka. Msumari lilikuwa neno lake. Hakujua kilichotoboa ule mkanda, alikisia, na kisio lake lilitoka ubaoni likaingia kinywani mwa mwizi, kama hamsini na nne ilivyotoka mezani kwake ikaingia kwenye karatasi thelathini na moja. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye neno lile lingemwambia kitu. Kwake lilisema kila kitu.

Na alifanya nini? Laiti ningekuwa na la kumtetea. Wakati msimamizi anaitwa, yeye alizunguka kwa mlango wa nyuma, akaenda ubaoni, akang'oa ile karatasi, akaikunja na kuitia mfuko wa aproni. Kisha akarudi na kulishika shuka lake.

Msimamizi alikuwa mama wa miraba minne aliyezungumza polepole na hakupenda kurudia. Alimsikiliza mzee, akamsikiliza Kidevu. Kidevu alisema, "Labda aliyasoma ubaoni, mama. Mimi sikumbuki karatasi ilisemaje."

Msimamizi akageuka. "Mwalimu. Ubaoni uliandika habari ya matundu?"

"Hapana," alisema. "Niliandika saa ya kike, mkanda wa ngozi."

"Karatasi yenyewe iko wapi?"

"Nimeitoa. Saa ilikuwa imeshachukuliwa."

Lilikuwa jibu safi, lenye mantiki, la mtu mwenye uzoefu. Msimamizi aliridhika. Hakumtilia shaka hata kidogo, na kuaminiwa kule kulimchoma kuliko kofi. Ikabaki basi kwamba ukurasa ule, ambao ulikuwa haujasomwa kwenye chai, ulionwa na watu wawili tu, Mwalimu na Kidevu, na aliyekabidhi saa ni Kidevu. Aliambiwa arudi nyumbani mpaka Jumatatu, shauri lake lisikilizwe. Mkewe alikuwa amejifungua mwezi uliopita. Alichukua mfuko wake wa chakula msumarini, akapita katikati ya mashine, hakutania mtu. Alipofika usawa wa meza ya kukunjia, Mwalimu alimwambia, "Pole, ndugu yangu."

Neno lilipomtoka ndipo alipolitambua. Lilikuwa lilelile alilompa karani.

Ijumaa alifanya kazi kama mtu aliyetiwa maji mdomoni. Kulikuwa na vitu vinne vya kuandika. Aliandika "kitana", "soksi moja", "kitana", "ufunguo", akafunga kitabu. Wenzake walidhani ana huzuni kwa ajili ya Kidevu na wakamsifu kwa moyo wake mwema. Alikwenda chooni na kukaa humo mpaka mtu akagonga mlango.

Alikuwa akiishi kwa mdogo wake, vyumba viwili na kibaraza, yeye akilala sebuleni kwenye kochi. Jumapili mchana mdogo wake alikuwa akifua nguo za wiki kibarazani, na kwa kuwa anaishi na mfuaji alikuwa amejifunza kukagua mifuko. Alitoa karatasi kwenye aproni, akaikunjua kwa vidole vyenye povu, akaisoma akiwa amechuchumaa. Habari za Kidevu alishazisikia jikoni. Hospitali ni nyumba moja. Mwalimu alikuwa mlangoni. Walitazamana.

"Umeandika vizuri," mdogo wake akasema, na hakukuwa na sifa ndani yake.

Mwalimu alikaa kwenye kizingiti.

"Dada, itie motoni. Jiko hilo hapo linawaka."

"Na Kidevu?"

"Kidevu ni fundi wa mashine, hakosi pa kwenda. Wewe ukitoka pale unaenda wapi? Nani anakuchukua? Na mimi niliyesema ulikuwa unamuuguza mama, mimi wataniacha?"

Alisema kweli tupu. Mwalimu alitazama maji meusi yakitiririka kwenye mfereji. Alitaka sana kuitia motoni, tusimpambe. Alishaikadiria hatua kwa hatua: kunyoosha mkono, karatasi kujikunja, basi. Na Jumanne angeshika tena kalamu. Hicho ndicho alichokuwa akikitetea, hata zaidi ya mshahara na paa. Ile nusu saa. Hakujua angekuwa nani bila hiyo nusu saa.

"Yule karani wa shule," alisema, "walimwita mara tatu kwa siku."

"Karani yupi tena?"

"Wa bahasha. Alikuwa na presha. Nilikuwa nampisha mlangoni."

Mdogo wake aliacha kufua. Habari hii hakuwahi kuambiwa. Hata mahakamani haikutajwa. "Ulimwomba radhi?"

"Alihama. Sikumtafuta."

Mtoto wa jirani alikuwa akipigapiga sufuria upande wa pili wa ukuta. Mwishowe mdogo wake alijifuta mikono kwenye kanga, akamrudishia karatasi ikiwa imelowa pembe moja. "Mimi siwezi kukuambia kaseme, na siwezi kukuambia usiseme. Ila ukisema, sema na langu. Usinifiche huko mbele, halafu nije nilisikie jikoni nikiwa na mwiko mkononi."

"Watakufukuza."

"Si nimeshasema uongo? Basi." Akainamia beseni, akasugua kola ya shati kwa nguvu isiyohitajika. Machozi yalikuwa yakimtoka na aliyaacha.

Jumatatu, ofisi ya msimamizi, ambayo zamani ilikuwa stoo ya sabuni na bado ilinuka sabuni, ilikuwa na watu watatu: msimamizi mwenyewe, Kidevu akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, na mzee fundi viatu kwenye kigoda. Mwalimu aliingia bila kubisha.

"Sijakuita, Mwalimu," msimamizi alisema.

"Najua, mama."

Akaiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa viganja. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yaliyokwenda vizuri, yenye mwanzo na mwisho. Yote yalimkimbia. Alisema tu kwamba karatasi hii ndiyo iliyokuwa ubaoni. Kwamba aliandika yote akijua hairuhusiwi, kwa kuwa alipenda maneno yake. Kwamba aliing'oa Alhamisi na kudanganya. Kwamba Kidevu alifuata kitabu kama alivyotakiwa. Kisha, kwa kuwa mlango ulishakuwa wazi, akasema na mengine: mtihani, tangi la maji, karani, miaka miwili, na mama ambaye hakuuguzwa. Alizungumza akitazama mguu wa meza. Shingo yake ilikataa kuinuka.

Wa kwanza kusema alikuwa Kidevu. "Alhamisi uliniona natoka na mfuko wangu."

"Nilikuona."

"Ukaniambia pole."

"Nilikuambia."

Kidevu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akageukia dirishani. "Nilikwenda nikamwambia mke wangu, angalau Mwalimu anaamini sijaiba. Nilimwambia hivyo."

Hakuna aliyejaribu kulipoza neno lile. Msimamizi aliisoma karatasi mpaka mwisho, akavua miwani, akayasugua macho. "Na kitabu kilikuwa kimeanza kupendeza," alisema, kama anayejisemea. Halafu sauti yake ikarudi ya kazini. "Kidevu, rudi kwenye mashine yako. Siku ulizokaa nyumbani zitahesabiwa za kazi. Wewe, nitaandika ripoti ipande juu, na la mdogo wako nitaliandika pia, siwezi kuliruka. Watakalosema huko ndilo hilo. Mimi sina la kukuahidi."

"Sawa, mama."

Mzee fundi viatu alijisogeza kwenye kigoda. Kofia ilikuwa juu ya goti lake. "Huyo mtu atapatikana?" aliuliza.

"Walinzi wameelezwa sura yake," msimamizi alisema. "Sikudanganyi, mzee wangu. Sidhani."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Mwalimu alitamani amtukane. Alikuwa tayari kwa tusi, hata alilihitaji. Badala yake mzee alimwonyesha karatasi kwa kidole cheusi. "Nisomee. Mimi miwani nimeiacha."

Aliisoma. Hapajawahi kuwa na adhabu kama ile, hata siku ya hukumu. Kila neno alilolipenda sasa lilitoka likiwa limevaa nguo za sikukuu mbele ya mfiwa. Alipofika kwenye msumari mzee aliinua mkono.

"Hapo ulikosea."

"Nilikosea, baba."

"Lakini uliyahesabu."

"Niliyahesabu."

"Wanangu hawakuyaona. Wana macho mazuri tu, hawakuyaona." Akaigeuza kofia gotini. "Saa imekwenda. Basi niandikie hiyo habari, niwe nayo. Ila uiandike kama ilivyokuwa, si kama unavyodhani."

Mwalimu alimtazama msimamizi. Msimamizi alisita, kisha akavuta droo, akatoa karatasi isiyo na mistari na kalamu, akavisukuma upande wake wa meza. Kidevu, aliyeambiwa arudi kazini, alikuwa bado amesimama dirishani.

"Andika msharasi," mzee akaanza. "Tundu la kwanza nilitoboa siku alipotoka kupimwa. Tulikuwa hatujamwambia mtu. Umeandika? La pili aliniletea mwenyewe kibandani kwangu, akaweka mkanda juu ya kiatu cha mteja, akasema, fundi, fanya kazi yako. La tatu nilitoboa Jumapili, wodini hapo juu. Msharasi niliuficha kwenye soksi, maana nesi angenifukuza."

Kalamu ilikwenda. Mara moja ilimjia sentensi ya kuongeza, nzuri sana, iliyokaa sawa pande zote. Aliiacha ikapita. Aliandika kile alichoambiwa, kwa mpangilio alioambiwa.

"Nikataka kutoboa na la nne palepale," mzee akaendelea, "ili nisije nikahangaika tena kuuficha msharasi. Akanizuia mkono. Akasema acha hapo, mume wangu, nikinenepa utapata tabu ya kuyaziba." Akaishika kofia. "Mwisho. Usitie kingine."

Alimsomea. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, midomo yake ikitangulia maneno. Aliposikia neno la mwisho akasema, "Hapo sawa," akanyoosha mkono kuichukua. Kisha akairudisha mezani.

"Weka na jina. Wajukuu wakiniuliza nani aliandika, niwaambie nani?"

Mwalimu alishika kalamu muda mrefu kidogo. Msimamizi alikuwa akimtazama, na Kidevu naye alikuwa ameacha dirisha. Akainama, akaliandika chini ya karatasi, majina yake yote matatu, kwa mpangilio uleule ambao hakimu aliyasoma.